Maji ya Kamongo

Kebirigo, alasiri, mvua

Mwanangu Akinyi,

Wagonjwa wamekwisha kwenda zao, kabati la dawa nimelifunga, na mvua imenikamata hapa kwenye baraza ya zahanati. Basi nakuandikia hapa hapa, karatasi juu ya paja. Sanduku lako liko tayari nyumbani. Blanketi, sabuni, viatu, vyote vimo. Habari za kuoga na kuamka mapema na kuwaheshimu walimu sitazigusa. Hayo ulirithi kwa mama yako, wala mimi sikuwahi kuyajua vizuri kuliko wewe.

Nianze na jambo lenyewe, ulijue, halafu nieleze. Omogeni anaumwa. Anaumwa sana, hali chakula, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Ulipaswa kurudi nyumbani leo kutoka Nyamache, ukishamaliza kumuaga nyanya yako. Mimi ndiye niliyemtuma mjomba wako akwambie usipitie huku, ulale huko huko, kesho asubuhi akuteremshe na lori la pareto moja kwa moja hadi stendi ya Kisii, nami nikukute hapo na sanduku. Bila shaka ulifikiri baba anakuhurumia usichoke. Nilikuwa namficha samaki.

Barua hii nimekusudia kukupa dirishani, basi likishaanza kusogea. Uisome mbele huko, mmekwisha kupita Sondu, mahali ambapo hata ukishuka hutapata basi la kurudi siku hiyo. Maana nakujua, mama. Ukisikia kamongo wako yu hoi hutapanda. Na usipopanda kesho, nafasi ya ualimu imekwenda. Mkuu wa chuo alikwisha kuandika kwamba amekungoja mwaka mmoja kwa hisani, wa pili hakuna. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si samaki, ingawa samaki naye ananikosesha.

Sijui kama unakumbuka yule wa kwanza alivyokuja. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Tulikwenda kwetu ziwani kwenye msiba wa shangazi yangu, na baba yako mdogo Ouma akachimbua kamongo mchanga kwenye tope la kinamasi. Walipowasha moto wa kumchoma ukasogea na sahani yako. Shangazi zako wakaangua kicheko. "We mtoto, rudi! Kwetu hapa mwanamke hali kamongo." Ukauliza kwa nini, wakakwambia ndivyo ilivyo. Ukasimama hapo, umekunja uso, ukasema, "Kama siwezi kumla, basi nitamfuga." Ouma alicheka mpaka panga likamponyoka. Akamtia mtungini na tope lake, na mimi, kwa upumbavu wa mtu anayempenda mtoto wake, nikaupakata mtungi ule ndani ya lori mpaka huku milimani. Suruali yangu ya Jumapili haikupona.

Mama yako, Mungu amrehemu, alichungulia mtungini akaruka nyuma.

"Baba Akinyi! Umeniletea nyoka nyumbani?"

"Si nyoka, Kemunto. Ni samaki."

"Samaki gani ana miguu?"

"Yale ni mapezi."

"Sitaki kujua ni nini. Kikiingia jikoni mwangu, mimi natoka."

Nyanya yako ndiye aliyetuamua. Alikuwa amekuja na ndizi, akamtazama yule mnyama kwa muda, akasema, "Huyu ni omogeni, mgeni tu, kama baba yako alivyo mgeni hapa. Mpeni pa kukaa." Nikajenga lile birika la saruji nyuma ya nyumba, la kina cha goti, na kifuniko cha mbao chenye nafasi. Wewe ndiwe uliyegundua kwamba lazima apande juu avute hewa kama mtu.

Na mimi nikamuua. Nilimuua kwa usafi, Akinyi. Mimi ni dresa, mfunga vidonda. Kazi yangu tangu ujana ni kuosha, kuchemsha, kufuta, na jambo lenye tope huniwasha mwili mzima. Tena nilikuwa Mjaluo miongoni mwa wakwe, na kila nilichofanya nilikifanya huku nasikia macho ya watu mgongoni. Ukifungua birika lile, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikasema, ala! Waseme dresa analea uchafu uani kwake? Siku moja ukiwa shule nikamtoa kamongo nikamweka ndooni, nikamwaga maji yote, nikasugua saruji kwa majivu kama mama yako alivyosugua masufuria. Nikajaza maji ya chemchemi, yale ya kuuma meno kwa baridi, yanayong'aa hadi unahesabu mchanga. Kisha nikatia dawa ya zambarau tunayooshea vidonda. Nikasimama kando nikijipongeza. Mtu angeweza kunywa!

Jioni alikuwa tumbo juu. Ulimtazama, ukanitazama. Hukulia mbele yangu. Ulisema, "Baba, kwani alikuwa amechafuka?"

Lo, nilikereka. Nilitaka kukueleza habari za vijidudu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ulikuwa umeuliza swali zuri kuliko yote niliyopata kuulizwa kazini. Samaki yule alikuwa ameyazoea maji yale, nayo yamemzoea. Niliyaangalia kwa macho yangu, sikujiuliza yeye anayaonaje.

Ouma akatuma mwingine, ndiye huyu Omogeni wa sasa, na tangu siku ile ukanikataza kugusa birika. Mtoto wa kimo cha meza ananikataza! Ulikuwa unachota kidogo kwa kata ya mama yako, unamwaga kwenye migomba, unaacha maji mengi ya zamani yabaki. Mitungi ya chemchemi uliipanga juani mpaka baridi iishe ndipo uongeze, polepole, kando ya ukuta, asishtuke. Vipande vya maini alivyoviacha uliviopoa kabla havijaoza. Na kila asubuhi ulichovya kidole, ukanusa, ukasema "bado" au "leo". Mimi na mama yako tulikuwa tunakuchungulia mlangoni tukifa kwa kicheko. Yeye aliyeapa kuhama nyumba akawa ndiye anayekuchimbia minyoo.

Kisha mama yako akafa.

Sitaandika ile homa. Ulikuwepo. Nitaandika yaliyofuata, maana hatujawahi kuyasema mimi na wewe, na sitaki uondoke ukidhani siyajui. Tulipotoka kumzika kwetu ziwani, nilirudi hapa nikaingiwa na kitu kama wazimu. Nilipaka chokaa kuta zote. Nguo zake nikawapa kina mama wa kanisa. Kitanda nikakiuza, vyungu vyake vya jikoni nikavigawa kwa majirani, hata mkeka aliokuwa akianikia wimbi sikuubakiza. Na wewe nikakushika mkono nikakupeleka Nyamache, nikakwambia, "Huko utapumua." Sikukuuliza. Niliona nyumba imejaa msiba na mimi ninachojua ni kusafisha tu.

Nyanya yako alikuja kwa miguu, umri ule, mvua ile. Hakukubali kuketi.

"Mtoto wako hasemi," akaniambia. "Halii, hasemi. Umemfanya nini?"

"Nilimpeleka kwako, mama. Ni mahali pazuri."

"Pazuri kwa nani?"

Nikakufuata siku hiyo hiyo. Ulipoingia nyumbani ukatazama zile kuta nyeupe, ukapita. Ukaenda moja kwa moja nyuma, ukainua kifuniko. Nilikuwa nimemsahau kabisa yule samaki, ndiyo maana alikuwa hai. Maji yalikuwa yananuka, utando juu, lakini alikuwepo, akatoa pua akavuta hewa. Nikasikia sauti yako kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ulisema, "Kata iko wapi?"

Kata nilikuwa nimeigawa.

Nilizunguka Kebirigo nzima kama mwendawazimu. Nilikwenda mpaka kwa mke wa mchungaji, nimeshika kofia mkononi, kumwomba anirudishie kibuyu cha marehemu cha kuchotea maji. Alinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. Aliniletea, nami nikakukabidhi, ukaanza kuchota kidogo kidogo, na mimi nikasimama kando nikaona ni nini nilichokufanyia. Ulikuwa umefiwa na mama. Mimi nikakuondolea na nyumba yake, na harufu yake, na sauti yangu pia, vyote kwa juma moja. Nisamehe. Hilo nilipaswa kulisema siku ile ile pale birikani.

Kwa hiyo ukinitaka ushauri, ninao huo mmoja, na nimeulipia ghali. Huko chuoni watakupa kitanda kipya, nguo mpya, lugha ya kusema mezani, wasichana waliosoma kuliko wewe ambao watakucheka namna unavyotamka maneno. Utaona aibu, utataka uwe mtu mwingine kufikia Jumamosi. Usikubali. Jifunze vyao, vingine ni vizuri kweli, lakini baki na vyako vingi kwa muda. Ukihisi moyo umeanza kuchacha, usingoje mpaka unuke, mwambie mtu, niandikie, toa kidogo. Na siku utakapokuwa mwalimu, mtoto akija darasani kwako kutoka kwenye msiba, tafadhali usimhamishe dawati.

Nakuja kwa mwaka jana. Hapa mkono unakuwa mzito.

Sanduku lilikuwa limefungwa kama sasa. Jioni ile hukula, mimi pia sikula. Asubuhi ukalifungua, ukazitundika gauni zako kwenye msumari, ukasema Omogeni hawezi kuachwa, hakuna mtu wa kumtazama maji. Mimi nikasema, "Aa, sasa kwa nini tena?" Niliisema kwa mdomo tu. Moyoni niliruka. Akinyi, mchana ule nilikula ugali kama mtu aliyetoka kulima shamba la ekari nzima, nawe uliniona nikila. Sote wawili tulijua samaki ni kisingizio. Ulibaki kwa ajili yangu, nami nikakubali ubaki, mtu mzima mwenye akili zake. Wenzako waliokwenda sasa wamekutangulia darasa zima. Nikikutana na wazazi wao sokoni nazungumza habari za bei ya kahawa.

Safari hii niliapa haitakuwa hivyo. Nilijiambia, nitamwondolea kisingizio. Nyumba tumekwisha kuezua nyasi, tuna mabati mapya, na ulipokwenda Nyamache tu nikaanza kazi. Njia ya chemchemi ni ya mteremko, goti langu la kushoto unalijua, na sikutaka ukiwa huko mbali ulale ukifikiria nani atachota. Nikakunja bati nikatengeneza mfereji kutoka kwenye paa hadi birikani. Maji yaje yenyewe! Jirani yetu Nyakundi alipita akashangaa, "Dresa, umeleta mto nyumbani!" Nilivimba kichwa, haki ya Mungu. Nilipanga kukuonyesha kabla hujaondoka.

Ikanyesha. Mvua ya kwanza kubwa juu ya mabati mapya, usiku kucha, na mimi ndani nimelala nikiusikia mfereji unavyonguruma, nimefurahi. Asubuhi birika lilikuwa limefurika. Maji yote ya zamani, yale uliyoyalea miaka hii yote, yalikuwa yamekwisha kumwagika uani. Yaliyobaki yalikuwa baridi kama barafu, yana ladha ya chuma. Niliyaonja mwenyewe, na ulimi ukabaki na ukakasi mpaka mchana. Ngozi yake ilikuwa imeanza kuambuka, ina mabaka meupe, na alikuwa akipanda kuvuta hewa kila mara kama mtu aliyekimbia. Minyoo hakuigusa.

Ni lile lile, unaona? Miaka imepita, nywele zimekuwa nyeupe, nikarudia lile lile. Niliung'oa mfereji. Jua hakuna juma zima hili, kwa hiyo nimekuwa nikipasha maji jikoni, napima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto, naongeza kidogo, natoa kidogo. Jana nilidhani amepata nafuu. Leo asubuhi sikuona hivyo.

Mvua imepungua. Naenda kumtazama, nitaendelea nikiwa nyumbani.

Omogeni amekufa.

Nimekaa kitambo nikitafuta namna nyingine ya kuandika na sikuipata. Nilimkuta amejikunja kwenye kona anayopenda, nikadhani amelala. Nikatia mkono. Unajua alivyokuwa hapendi mkono wangu, ameniuma vidole mara nyingi kuliko nilivyostahili. Leo hakuniuma. Nimemfunga kwa shuka safi, la aina ya zahanati, nililokuwa nimelinunua kwa matumizi ya nyumbani, nimemzika kwenye migomba, mahali ulipokuwa ukimwaga maji yake. Nyakundi alinikuta na jembe akauliza napanda nini mvuani. Nikamwambia. Hakucheka. Akavua kofia, akanisaidia kufukia.

Nimelia. Kwa mama yako sikulia hivi, nilikuwa na chokaa mkononi. Leo sikuwa na kitu cha kupaka.

Sasa nimewasha taa na nimesoma barua hii tangu mwanzo, nikafika pale nilipoandika kwamba nitakupa dirishani basi likisogea. Nimeona haya. Hiyo ni Nyamache tena. Ni kukushika mkono na kukupeleka mahali pazuri bila kukuuliza, ukagundue mwenyewe huko mbele kwamba nyuma yako kuna kitu hakipo. Ungeweza kunyamaza tena, na safari hii nyanya yako asingejua hata aje kunigombeza.

Basi haitakuwa hivyo. Utaisoma kesho kabla ya kupanda, umeketi juu ya sanduku lako, basi likiwa bado linangoja abiria. Ukishamaliza, ukitaka kwenda, mwite utingo alipandishe sanduku juu. Mimi nataka uende. Nimeliandika kwa mkono wangu usije ukasema hukusikia. Nitakula, nitaoga, Jumapili nitakwenda kanisani, nitaumia na sitakufa. Hapa hakuna tena maji ya kutazamwa. Nimebaki mimi, na mimi siwezi kufungiwa birikani ukae kando unanusa. Lakini kupanda ni kwako wewe, na usipopanda sitakulaumu, nitakuwa nimejilaumu vya kutosha.

Naogopa, mwanangu. Naogopa utakwenda na naogopa utabaki, na sijui ni lipi naogopa zaidi. Najua tu kwamba mwaka jana hukubaki kwa sababu ya samaki. Ulinyanyua macho ukautazama uso wangu, ukafungua sanduku.

Kwa hiyo kesho ukifika hapa kwenye barua, usinitafute. Nitakuwa ng'ambo ya barabara, nimekupa mgongo, na sitageuka mpaka nisikie basi limeondoka.

Baba yako